Usinunue Betri Bado: Kutafuta Ubovu wa Sola ya Biashara Mtwara na Lindi

Friza ikizima usiku, betri ndiyo inayolaumiwa kwanza. Mwenye duka anakopa kwenye kikoba, anaagiza betri mpya kutoka Dar es Salaam, inafungwa, na baada ya wiki mbili friza inazima tena. Nimeliona hili Mikindani, nimeliona Nachingwea, na linaniuma kwa sababu ile hela ilikuwa ada ya mtoto au mtaji wa msimu wa korosho. Ubovu wenyewe ulikuwa kwenye waya mwembamba, au kwenye kichwa cha betri kilicholiwa na chumvi, au kwenye friza ya pili iliyoongezwa bila kupiga hesabu.

Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili unayoiona dukani, ndipo tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Kifaa cha lazima ni kimoja: mita ndogo ya kidijitali yenye waya mwekundu na mweusi. Kama huna, azima kwa fundi simu wa jirani. Bila mita unabahatisha, na kubahatisha kwenye sola ni ghali.

Kabla hujagusa kitu, vua pete na saa ya mkononi. Umeme wa paneli hauzimwi na swichi ya TANESCO. Mchana paneli tatu kubwa zilizounganishwa mfululizo zinavuka volti 100, na waya ukichomolewa wakati umeme unapita unatoa cheche ndefu inayounguza. Zima breka ya paneli, au zifunike kwa turubai zito. Ukifungua kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, toa waya za paneli kwanza, za betri baadaye. Ukirudisha, betri kwanza, paneli mwisho.

Inveta inalia, kisha inazima kabla ya kukucha

Kulia kwa inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, ndiyo dalili ninayoitiwa mara nyingi kuliko zote, na ina vyanzo vinne vinavyofanana ukivitazama kwa nje. Anza na betri yenyewe, kwa kuipima ikiwa imetulia. Jioni jua likishazama, zima kila kitu, subiri saa nzima au zaidi, kisha weka mita kwenye vichwa vya betri. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.7 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.9 kwenda chini, karibu imekwisha.

Sasa angalia maana yake. Kama jioni inasoma 12.2 baada ya siku ya jua kali, betri haikujaa mchana, na tatizo liko juu ya paa au kwenye matumizi ya mchana. Ruka uende kwenye sehemu ya chaji ndogo. Kama jioni inasoma 12.7 na saa nne usiku inveta tayari inalia, hapo ndipo unaweza kuanza kuitilia shaka betri. Usihukumu bado.

Piga hesabu ya matumizi kwanza. Friza yenye injini ya wati 100, inayowaka nusu ya muda, inakula wati-saa 1,200 ndani ya siku moja, yaani yuniti 1.2 kwa lugha ya LUKU. Betri moja ya volti 12 yenye Ah 200, yaani ampea-saa 200, inabeba yuniti 2.4 ikijaa, lakini betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unayo 1.2 tu ya kutumia. Friza moja inapita usiku vizuri. Sasa ongeza friza ya pili kwa ajili ya soda. Paneli mbili za wati 250 huku kwetu, kwa jua kamili la saa 5 hivi kwa siku na upotevu wa njiani, zinaleta yuniti 1.75 hivi. Friza mbili zinataka 2.4. Betri inaamka na njaa kila siku, inakaa na njaa wiki nzima, na betri ya asidi inayokaa na njaa inajaa ukoko mweupe kwenye sahani zake za ndani, ukoko ambao haurudi nyuma kirahisi. Miezi sita baadaye imekufa kweli. Ukinunua nyingine bila kuongeza paneli, nayo itakwenda njia hiyohiyo.

Kama hesabu inakaa sawa, ndipo upime betri ikiwa kazini. Washa friza na taa, uache dakika kumi, pima tena. Iliyokuwa 12.6 ikishuka hadi 12.2 ni nzima. Ikiporomoka hadi 11 kwa mzigo mdogo hivyo, na kupanda haraka ukizima, imechoka. Kama betri zako ni nne zimeunganishwa pamoja, pima moja moja: mara nyingi ni moja tu iliyooza na inawavuta wenzake. Ila usichanganye betri mpya na ya miaka mitatu. Mpya itazeeka kwa kasi ya mzee.

Joto nalo ni la kuliangalia. Betri za asidi zimetengenezwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo zinakata umri wake karibu nusu. Chumba kilichoezekwa bati, bila dari, mchana wa Novemba Masasi, kinavuka nyuzi 35 bila taabu. Ukiiweka betri sakafuni upande usiopigwa na jua la mchana, ukaacha tundu la hewa juu na chini, umeiongezea maisha bila kutoa senti.

Friza ikiwaka tu, inveta inazima papo hapo

Mama mmoja anayeuza barafu kwa wavuvi Mikindani alinipigia: "Fundi, shikamoo yako ipo, lakini njoo na betri, hii imekufa." Nikamwambia, "Marahaba, mama, betri tutaizungumzia nikifika." Betri yake ilikuwa na mwaka mmoja, inasoma 12.6 imetulia. Taa zinawaka, redio inaimba, simu zinachaji. Friza ikijaribu kuwaka, inveta inapiga mlio mmoja na kuzima.

Injini ya friza inapoanza inavuta umeme mara tano au zaidi ya ule inaotumia ikishakimbia. Friza ya wati 150 inaweza kutaka wati 800 kwa nusu sekunde, na kwenye volti 12 hizo ni ampea kama 70. Betri ya mama ilikuwa chumba cha nyuma, inveta ilikuwa dukani, mita 5 mbali, na kati yao fundi alipitisha waya wa milimita 6 za mraba. Umeme unakwenda mita 5 na kurudi mita 5. Shaba ya unene huo kwa mita 10 inakula volti 2 kamili ampea 70 zikipita.

Nina mita yenye kitufe cha kushika namba ya chini kabisa. Niliweka kwenye vichwa vya betri, tukawasha friza: 12.1. Nikaweka kwenye vichwa vya inveta, tukawasha tena: 10.1. Tulirudia mara nne, mama ameshika tochi, namba ni zilezile. Inveta ile inazima ikiona chini ya 10.5. Betri haikuwa na kosa lolote. Volti mbili zilikuwa zinapotea ukutani.

Tulihamisha inveta ikakaa pembeni ya betri, waya mnene wa milimita 25 za mraba, urefu mita moja tu, na waya mrefu ukawa ule wa volti 230 unaokwenda kwenye friza, ambao hauna shida na mita tano. Friza iliwaka mara ya kwanza.

Kipimo hiki, betri upande mmoja na inveta upande wa pili kwa mzigo uleule, ndicho ninachokiamini kuliko vingine vyote. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba, breka iliyoungua ndani, au nati iliyolegea. Pitisha kiganja karibu na kila kiungio baada ya friza kuwaka robo saa, bila kugusa chuma. Kilicho cha moto ndicho kinachoiba.

Kama volti hazipotei na bado inazima, basi inveta ni ndogo. Inveta iliyoandikwa wati 1,000 haiwezi kila mara kubeba mshtuko wa kuanza wa friza. Tazama pia aina ya wimbi: zile za bei ya chini zinazotoa wimbi la ngazi-ngazi zinazifanya injini za friza na feni kuunguruma na kupata moto. Kwa friza, nunua yenye wimbi safi.

Na wenye saluni, drya ya wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 inataka ampea zaidi ya 125. Hakuna waya wa kawaida wa nyumba utakaovumilia. Mzigo wa namna hiyo unataka mfumo wa volti 24 au 48, ambako ampea zinapungua hadi nusu au hadi robo.

Jua linawaka, chaji inaingia kidogo

Hapa Kusini kuna mambo mawili ambayo vitabu vya sola havitayataja, kwa hiyo nitayakalia kidogo.

La kwanza ni salfa. Kuanzia Juni wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi wanapuliza salfa ya unga kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na upepo unaibeba hadi mjini. Julai moja nilipanda juu ya paa la duka la vifaa Tandahimba. Mwenye nyumba aliniapia kwamba kijana wake anaosha paneli kila Jumamosi. Kweli alikuwa anaosha. Nilipitisha kidole juu ya kioo kikaacha mstari, na kidole kikawa na unga wa manjano hafifu, laini kama poda ya mtoto. Salfa haiyeyuki kwenye maji. Maji matupu yanauviringisha unga, yanausogeza hadi ukingo wa chini wa paneli na kuuacha pale kama utando, hasa juu ya mstari wa mwisho wa seli. Sabuni ya maji kidogo, kitambaa laini, na kusuuza: chaji ilipanda tukiwa bado juu ya paa. Osha asubuhi kabla kioo hakijapata moto, maana maji ya baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Usitumie jivu wala mchanga.

Salfa hiyohiyo inaigeuza shaba kuwa nyeusi. Ukifungua viungio ukakuta nyuzi za waya zimekuwa nyeusi badala ya kung'aa, kata sehemu hiyo, chuna waya upya hadi ufike kwenye shaba nyekundu, kisha funga kwa kiungio kinachozuia maji.

La pili ni chumvi ya bahari, kwa wa Lindi mjini, Kilwa, Mikindani, Msimbati. Huko utaona ukungu wa kijani kwenye shaba na mweupe kwenye alumini. Viungio vya plastiki vinavyobanana vikiachwa wazi hata siku mbili kabla ya kufungwa, tayari hewa ya bahari imeingia. Vichwa vya betri safisha kwa maji yenye magadi, vikaushe, kaza nati, kisha paka grisi juu. Kupaka grisi kabla ya kukaza ni kuweka kizuizi katikati ya vyuma viwili.

Baada ya usafi, kivuli. Watu wanadhani kivuli cha kuti moja la mnazi kinapunguza umeme kidogo, kwa kadiri ya ukubwa wake. Seli ndani ya paneli zimeunganishwa kama shanga kwenye uzi mmoja: moja ikizibwa, kundi zima linapitwa. Paneli nyingi kubwa zina makundi matatu, kwa hiyo kivuli cha upana wa kiganja kinaweza kuchukua theluthi ya umeme wake. Panda juu saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa. Dishi la televisheni la jirani ambalo halina shida saa sita linaweza kuwa linakuibia tangu saa nane.

Mwelekeo pia. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwezi Februari na Oktoba, lakini Juni na Julai liko kaskazini kabisa. Paneli zetu zinatakiwa kutazama kaskazini, na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, unaotosha pia maji ya mvua kushuka na vumbi. Nimekuta paneli zinatazama kusini kwa sababu upande ule wa paa ulikuwa na nafasi, na mwenyewe anashangaa kwa nini kila kipupwe umeme unapungua.

Ukimaliza haya yote na chaji bado ni ndogo, pima kila paneli peke yake ikiwa imechomolewa, saa sita mchana. Nyuma yake kuna karatasi yenye volti zake za wazi, yaani zile za bila mzigo. Iliyoandikwa 37 ikisoma 34 iko sawa; paneli ya moto hupunguza volti. Ikisoma 25, kundi moja la seli limekufa au diodi, kile kipande kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kisanduku cha nyuma imeungua. Diodi inabadilishwa, usitupe paneli. Kuhusu joto lenyewe, paneli ikifika nyuzi 65 inapoteza karibu asilimia 14 ya nguvu yake, na hiyo ni kawaida. Acha tu nafasi ya kiganja kati yake na bati, upepo upite.

Betri inachemka, inanuka yai bovu, au imevimba

Zima chaji, fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara humo. Gesi inayotoka inalipuka. Pima volti wakati wa chaji: betri ya asidi ya volti 12 inatakiwa kuishia 14.4 hivi, kisha kushuka kwenye 13.6 ikishajaa. Ukiona 15 na kuendelea, kontrola imekufa au imewekwa kwa aina ya betri isiyo yako. Zile zenye vifuniko zinahitaji maji ya betri yaliyosafishwa. Maji ya kisima yana madini yanayoua sahani, na asidi haiongezwi. Iliyovimba haitengenezeki.

Betri ya lithiamu inaonyesha asilimia 60, mara imezima

Lithiamu haishuki polepole kama asidi. Volti zake zinakaa palepale karibu usiku wote, kisha zinaanguka ghafla mwishoni. Inveta inayokisia asilimia kwa kutazama volti itakudanganya kila siku. Kama betri yako ina waya wa mawasiliano, iunganishe na inveta. Kama haina, tegemea kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Ikisoma volti sifuri kabisa, usikimbilie kusema imekufa. Ndani kuna kinga inayojifunga betri ikishushwa sana au ikivutwa ampea nyingi. Chaja sahihi ya lithiamu huifungua. Kisha kagua mpangilio wa inveta: iliyoachwa kwenye aina ya asidi huwa na chaji ya kusawazisha inayopanda juu ya volti 15, na lithiamu ya volti 12.8 haitakiwi kuvuka 14.4 hivi. Huo ndio ugonjwa wa nyingi zinazofungwa siku hizi kwa kubadilisha betri peke yake na kuacha kila kitu kilichobaki kama kilivyokuwa.

Sola ipo, lakini LUKU inakwisha vilevile

Fungua mpangilio wa inveta utazame chanzo cha kwanza. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimeamriwa kutumia TANESCO kwanza na kuiweka sola kama akiba. Ibadilishe itumie sola kwanza, kisha betri, TANESCO mwisho.

Baada ya hapo nenda kwenye friza ukiwa na noti ya elfu moja. Ibane kwenye mlango, ivute. Ikitoka bila kukataa, mpira umechoka na baridi inatoka usiku kucha. Rudia kila upande, maana pembe za chini huchoka kwanza. Mpira mpya ni rahisi kuliko paneli yoyote utakayoongeza. Barafu ya ukutani ikizidi nusu sentimita, yeyusha. Taa za zamani za wati 60 zikibadilishwa kwa LED za wati 9, tano tu zinakuachia wati 255, zaidi ya injini mbili za friza tulizopigia hesabu mwanzo. Na kazi nzito kama pasi, drya na kusaga ziwekwe kati ya saa nne na saa tisa mchana, umeme uende moja kwa moja kutoka paneli bila kupitia betri.

TANESCO imerudi, inveta haiuchukui

Pima soketi. Ikisoma 165 badala ya 230, inveta inafanya kazi yake ya kukataa. Mashine nyingi zina mpangilio mpana unaokubali umeme ulioshuka hadi volti 90, na fundi wa haraka atakuwekea huo ili uondoke na furaha. Kwa taa na chaji ya simu, sawa. Kwa friza, hapana: injini inayolazimishwa kuanza kwa volti 150 inaungua. Jenereta ndogo inakataliwa kwa sababu ya mapigo yake kupanda na kushuka kila mzigo ukibadilika. Hapo rekebisha mwendo wa injini, au tumia chaja tofauti.

Kuna jambo moja ninaomba kwa dhati. Usiingize umeme wa jenereta au inveta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi za dume pande zote mbili. Umeme unarudi hadi kwenye nguzo, na kule juu kuna mtoto wa mtu anayeamini laini imezimwa. Funga swichi ya kubadilishia, na ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Weka pia akiba ya fyuzi, breka moja na viungio viwili vya paneli. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, fyuzi ndogo ingeweza kusimamisha biashara kwa siku nyingi.

Ukigusa friza unashtuliwa

Hapa hakuna kujaribu. Zima inveta, zima breka kuu, chomoa plagi. Chanzo mara nyingi ni waya wa ardhini ambao haukuunganishwa kwenye inveta, au nondo ya ardhini iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu ambao haupitishi umeme. Kiangazi mchanga wa pwani yetu unakauka kina kirefu, kwa hiyo nondo iende chini hadi kwenye unyevu, na fundi aipime kwa kifaa chake badala ya kuitazama kwa macho. Afunge pia breka inayokata umeme ukivuja. Sakafu ya duka la samaki ina maji muda wote, na watoto wanaingia peku kununua barafu. Hadi hapo samaki wahamishiwe kwa jirani, na friza ikae imezimwa hata kama ni siku tatu.